Hapa Amelala, au Ukumbusho: Miaka Yangu kwenye Atelye ya Misalaba

Vijana wangu wa atelye, karakana yetu ya misalaba, siku mliyoniaga kwa soda na mandazi mliniuliza: kati ya maneno yote niliyoandika juu ya mawe ya makaburi ya watu, ni lipi lililonisumbua zaidi? Nilijibu kwamba ni majina ya mapadri wazee, maana yana herufi nyingi na hayataki kutosha kwenye ubao. Mlicheka, nami nikaendelea kula. Hilo lilikuwa jibu la mtu anayetaka amalize mandazi yake kwa amani. Jibu la kweli ni "ukumbusho". Sasa sina kazi nyingine ila kukaa barazani na kukohoa vumbi la sima, yaani saruji, nililomeza tangu ujana, kwa hiyo nitaeleza taratibu, na mwenye haraka aende akachekeche mchanga.

Nilianza kwa mchanga huohuo. Wazazi wangu walitoka upande wa Bukavu, baba akiwa karani, na alitaka niwe karani kama yeye. Mimi kalamu nilizipenda, ila kiti sikukiweza. Muzee Baltazari alikuwa na atelye yake hapa Mabanga, kati ya muuza makala, yaani makaa, na mama mmoja wa maharagwe, na mlangoni alisimamisha misalaba ya sima ikiwa imeegemea ukuta. Nilikwenda kumwomba kazi ya kuandika. Alinitazama mikono, akanipa chekecheo.

"Utaandika," alisema. "Lakini kwanza ujue juu ya nini."

Mchanga wetu mnaujua. Ni mweusi, umetoka kwenye volkano, na ukibaki na kokoto hata ndogo, herufi inavunjika pembe. Nilichekecha mpaka vidole vikawa vigumu. Baada ya hapo alinifundisha kukata herufi kutoka kwenye sandali za mpira zilizochakaa, kuzipigilia kwenye ubao kinyumenyume, kisha kuubonyeza ubao juu ya sima ambayo haijakauka. Ukiunyanyua, jina limekaa sawasawa. A, M na O ni marafiki, hazina mgongo, ukizigeuza ni zilezile. N na S ni adui wa kila anayeanza. Kijana aliyenitangulia alimaliza jiwe zima ambalo ungelisoma vizuri kwenye kioo tu. Muzee Baltazari hakumgombeza. Aliligeuza jiwe lile jina likae chini, akalifanya meza, na juu yake ndipo sote tulikatia herufi. Ile meza bado mnayo. Ndiyo ile mnayowekea simu zenu zikichajiwa.

Sasa hivi herufi zinakatwa kwa mashine, na picha ya marehemu inachapwa juu ya kigae akiwa amevaa koti ambalo hakuwahi kuwa nalo. Sina ugomvi na mashine. Zinaandika S vizuri kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba mashine haimuulizi mtu chochote, na nusu ya kazi yetu ni kuuliza.

Juu ya jina kuna neno la kwanza, na hapo ndipo kelele huanzia. Familia za upande wetu wa Bukavu, hasa wenye watoto waliosoma, walitaka "Souvenir", yaani ukumbusho kwa Kifaransa. Niliwaona ndugu wawili wakigombana mbele yangu, mmoja akisema mama yao hakujua Kifaransa hata cha kuomba maji, mwingine akisema ni sawa, lakini wageni watakaopita wanakijua. Padri aliyekuja kubariki mawe ya parokia aliwasikia. Akatueleza kwamba neno hilo la Kifaransa limetoka kwenye Kilatini, na huko maana yake ni kitu kinachopanda kutoka chini, kinachokuja kukusaidia. Alifurahi sana kutueleza. Muzee Baltazari alimsikiliza kwa heshima, akatazama upande wa mlima wenye moshi, akasema, "Padri, katika mji huu kitu kinachopanda kutoka chini tunakijua. Hakijatusaidia bado." Padri alicheka mpaka akashika ukuta, na wale ndugu wawili wakacheka pia, wakakubaliana "Ukumbusho".

Tangu siku ile nikawa nauliza kila mtu neno la kwao. Wateja wanaosema Kinyarwanda waliandika "urwibutso", na mmoja wao, mwalimu, alinionyesha jinsi lilivyozaliwa: kwibuka ni kukumbuka, kwibutsa ni kumkumbusha mwingine, na kutoka hapo ndipo linapatikana jina la jiwe. Nikaona ni njia ileile ya Kiswahili chetu. Neno letu halikutoka moja kwa moja kwenye kukumbuka, limetoka kwenye kukumbusha. Mtu mmoja peke yake chumbani kwake anaweza kukumbuka, lakini kukumbusha kunahitaji wawili, mmoja anayesema na mwingine anayesikia. Jirani yangu wa kabila la Wanande naye alinifundisha neno la kwao, nami nimelisahau. Mke wangu alisema hilo ndilo neno ninalostahili kuandikiwa juu ya jiwe langu.

Msidhani hizo zilikuwa hadithi za kupitisha mchana. Muzee Baltazari alikuwa na sheria moja ya atelye, na ilikaa juu ya neno hilo. Kama mtu amezikwa pale, na yupo aliyemwona akizikwa, tunaandika "Hapa amelala". Kama hakuna mwili chini, tunaandika "Ukumbusho". Haibadiliki, hata mteja alie, hata aite mkubwa wake. Sheria hiyo ilianza baada ya moto wa mlima kushuka mjini na kufunika nyumba na viwanja. Watu walirudi, wakasimama juu ya lava iliyokuwa bado na joto, wakaonyesha kwa kidole: alikuwa hapa, mlango ulikuwa pale. Walitaka misalaba iliyosema "Hapa amelala". Muzee Baltazari aliwatengenezea misalaba bila kuwabishia bei, lakini neno lile alikataa. Aliniambia, "Deo, mutu akishindwa kupata ndugu yake, anakuja kutafuta kwetu. Tukimuandikia uongo, ataacha kutafuta. Tena ataacha kuuliza." Alipofariki, mimi mwenyewe nilimwandikia "Hapa amelala", na nilihakikisha.

Basi nije kwenye jiwe lenyewe. Lilikuwa kati ya mawe yangu ya mwisho, na baadhi yenu mlikuwepo, ila mlikuwa mmeziba masikio kwa muziki wenu.

Alikuja mama mmoja kutoka Munigi, anaitwa Mama Neema. Neema mwenyewe, binti yake, alikuwa pamoja naye, msichana mrefu, anaangalia chini. Familia yao ni watu wa milima ya Masisi, wakulima wenye ng'ombe wachache. Walikimbia vita, na katika kukimbia mume wake, Papa Mashauri, aliugua ghafla akafa njiani. Mdogo wake ndiye aliyemzika hukohuko juu, haraka na peke yake, kwa sababu wanawake na watoto walikuwa wameshatangulia mbele. Sasa waliishi kwenye kiwanja cha dada yake huyo mama.

"Nataka jiwe," alisema. "Andika: Ukumbusho wa Anselme Mashauri."

Nilishangaa. Watu hulifikia neno hilo baada ya mimi kuwakatalia lile lingine. Huyu alikuja nalo tayari mdomoni, kama mtu anayenunua chumvi. Nilimuuliza kama anajua tofauti.

"Najua, Papa Deo. Nilisikia sheria yenu. Njo maana nilikuja kwako."

Kisha akanieleza shida yake. Neema alikuwa amepata mchumba, kijana mzuri, fundi wa pikipiki. Wazee wa kijana walikuwa tayari kuleta mahari, lakini hawawezi kuingia kwenye nyumba ambayo matanga hayajaondolewa. Wa kuondoa matanga ni mkubwa wa familia, na sasa mkubwa ni yule mdogo wa marehemu, Muzee Bahati, anayekaa upande wa Lac Vert. Naye alikataa. Alisema matanga yanaondolewa kwenye kaburi, na kaburi liko huko juu, na njia imefungwa. Ndiyo maana Mama Neema alitaka jiwe lisimame Munigi, matanga yaondolewe hapo.

"Wale wazee wa kijana wamengoja," Mama Neema alisema. "Lakini hawatangoja sana. Iko familia ingine inawaonyesha binti."

Neema aliendelea kuangalia chini. Nilimwonea huruma sana, na sioni aibu kuiandika.

Nilianza kutayarisha ubao. Kabla sijamaliza kupigilia herufi, Muzee Bahati alitokea mwenyewe. Alikuwa mtu mkavu, mwenye kofia na fimbo ya mchungaji, na alisimama mlangoni bila kukaribishwa.

"We ndiye fundi ya jiwe ya kaka yangu?"

"Ndiye mimi, muzee. Karibu ukae."

"Sikai. Tosha ile neno, iondoe. Andika 'Hapa amelala'."

Nilimweleza sheria, kwa upole, kama nilivyoieleza kwa mamia kabla yake. Jiwe litasimama Munigi, mwili uko Masisi, kwa hiyo hapa hajalala mtu. Aligonga fimbo chini.

"Jiwe ni ya familia yetu, haiko yako!"

"Jiwe ni yenu, muzee. Mukono ni wangu."

"Basi nitaenda kwa mwingine."

"Wako wengi barabara hii," nilimwambia. "Huyo wa mbele ya muuza makala anaandika kile mutu anataka. Juzi aliandika kwamba marehemu mumoja alikuwa ingenieri."

Aliondoka akinung'unika. Mimi nilijua nimefanya sawa, na bado usingizi haukuwa mtamu. Jiwe lisilokubaliwa na mkubwa wa familia ni sima tu. Matanga yangebaki palepale, na binti angebaki na jiwe zuri bila mume. Mke wangu aliniuliza kama neno moja lina thamani ya ndoa ya mtoto wa watu. Nilimjibu kwamba swali lake ni zuri. Yeye anajua kwamba nikisema hivyo sina jibu.

Kwa mwingine hakwenda. Siku chache baadaye alirudi, na safari hii alikaa, kwenye ile meza ya jiwe lililogeuzwa. Fimbo aliilaza magotini. Jiwe la kaka yake lilikuwa limekauka, limeegemea ukuta, na neno lilikuwa juu yake.

"Ile neno," aliniuliza, "kwa kweli inasema nini?"

Nilimwambia kile ambacho nimewaandikia juu hapa. Kwamba si neno la kulala wala la kupumzika. Jiwe la "Hapa amelala" linajitosha, mtu anasoma, anapita, amejua. Jiwe la "Ukumbusho" linahitaji mtu wa kusimama kando yake na kukumbusha, aseme huyu alikuwa nani na alipatwa na nini. Hilo ndilo jambo nililokuwa na hakika nalo.

"Njo ile naogopa," Muzee Bahati alisema.

Nikaweka chini nyundo.

"Mi ndiye nilimuzika," alisema. "Mvua ilikuwa inapiga, batu banakimbia, hakuna jembe. Nilichimba na kifuniko ya sufuria. Na mikono. Nikasimika fimbo pale. Nilisema, nitarudi." Aligeuza fimbo magotini. "Nilirudi, Papa Deo. Wakati njia ilifunguka kidogo, nilirudi. Mlima ulikuwa umeteremuka, majani yameota kila mahali, ng'ombe za batu zinakula juu. Nilitembea pale nikiita jina yake kama mupumbavu. Sijui kaka yangu iko wapi."

"Na familia?"

"Niliwaambia iko huko juu, njia imefungwa. Kila mara wananiuliza, naongeza uongo ingine. Jiwe ikisema hapa amelala, hakuna mutu ataniuliza tena."

Nimekaa miaka mingi na watu wenye kilio na sijawahi kuwa fundi wa kufariji. Siwezi kusema maneno laini, hayatoki. Nilimwambia tu nilichoamini. Kwamba siwezi kulifanya jiwe limsemee. Kwamba siku ya kuondoa matanga yeye ndiye atakayesimama kando yake, na kile alichoniambia mimi, akiwaambia wao, kitakuwa ukumbusho kamili, na hakuna kaburi litakalosema zaidi.

"Na wakinikataa? Wakisema nilimutupa kaka yangu?"

"Sijui, muzee," nilijibu, kwa sababu sikujua. "Lakini Neema anangoja."

Aliinuka, akapitisha kiganja chake juu ya herufi, polepole, zote mpaka ya mwisho. Kisha akasema nilipeleke jiwe siku ya posho, yaani Jumamosi, na kwamba atakuja.

Mawe yetu tunayasimika wenyewe, hilo mnalijua, kwa sababu mteja akilisimika mwenyewe linainama na jina linalotukanwa ni letu. Munigi ardhi ni mwamba mtupu. Tulipiga baramine, ule mtaimbo wetu wa chuma, asubuhi yote mpaka tukapata shimo la kuingiza mguu wa jiwe. Watu walikuwa wameshakaa: ndugu waliotoka Masisi, majirani, na wazee wawili wa upande wa kijana, waliokaa pembeni kwa adabu, kama watu ambao hawajaamua. Mama Neema alikuwa na kitambaa cheusi kichwani. Nilitaka kuondoka baada ya kumaliza, kama kawaida yangu. Muzee Bahati alinishika mkono, akaniambia nibaki.

Alivua kofia. Kwanza alieleza jinsi kaka yake alivyokuwa: mkali na ng'ombe, mpole na watoto, mwimbaji mbaya kanisani aliyeimba kwa nguvu kuliko wote. Watu walicheka kidogo. Halafu nikaona anaangalia jiwe badala ya watu.

"Ile jiwe iko na neno moja juu," alisema. "Nilikataa ile neno. Nitawaambia kwa nini."

Akawaambia yote. Kifuniko cha sufuria, mvua, fimbo aliyoisimika, na ile siku aliyotembea mlimani akiita. Hakuficha hata uongo wa njia iliyofungwa. Alipomaliza alibaki amesimama, kofia mikononi, akingoja wamhukumu. Wale wazee wa upande wa kijana waliangaliana. Mimi nilikuwa na sima mikononi, inakauka, na sikuthubutu kwenda kunawa.

Mama Neema ndiye aliyeinuka. Alimwendea shemeji yake mpaka akasimama mbele yake.

"Papa," alisema, "nilijua."

Muzee Bahati alimwangalia.

"Siku ile ulitufikia ku njia, ulikuwa na udongo mpaka ndani ya makucha. Ulilia, hukusema kitu. Nilijua umemuzika vizuri kama mutu anaweza. Halafu ulirudi kule juu, ukakuja, ukaanza kusema njia, njia. Mutu mwenye kujua mahali hasemi njia. Anasema iko chini ya muti fulani, karibu na shamba ya fulani. We hukusema hata siku moja."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungetafuta uongo ingine. Nilikuwa nakuonea huruma. Njo maana nilienda kwa fundi na ile neno. Nilisema, kama jiwe haisemi hapa, ni ya ukumbusho tu, hakuna mutu atakuuliza tena kaburi iko wapi. Nilitaka upumzike, Papa."

Mzee yule alifunika uso kwa kofia yake, akalia. Hakuna aliyemzuia. Mmoja wa wale wazee wa upande wa kijana alisogeza kiti chake kutoka pembeni, akakileta kati ya watu, akakaa.

Kisha wakaleta kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu. Katika familia ile kikombe cha kwanza siku ya kuondoa matanga si cha mkubwa wala cha mgeni, ni cha yule aliyechimba kaburi. Mama Neema alivua kitambaa cheusi, akakijaza kikombe mwenyewe, akapiga magoti, akampa. Muzee Bahati alikipokea kwa mikono miwili, akanywa chote.